Ijumaa msituni: uchambuzi wa Sabato katika kambi ya watoto ya Wisconsin

Mwishoni mwa Juni, kaskazini mwa jimbo la Wisconsin nchini Marekani, jua huzama inapokaribia saa tatu usiku. Msomaji wa Tanga au Kisumu, ambaye magharibi ya kwake haijawahi kwenda mbali na saa kumi na mbili na nusu, anaweza kudhani natania. Kwa wanaoendesha kambi ya watoto wa Kiyahudi huko, jambo hilo ni kazi ya kweli ya kupanga ratiba. Desturi yao kubwa ya wiki huanza jua linapozama Ijumaa na kwisha nyota tatu zinapoonekana Jumamosi. Nyota hizo huchelewa hadi karibu saa nne usiku, na mtoto wa miaka tisa aliyeshinda akikimbia juani hana subira nazo.

Kambi ninayoizungumzia ni Ramah ya Wisconsin, iliyofunguliwa mwaka 1947 kando ya ziwa, karibu na kijiji cha Conover. Waliianzisha Wayahudi wa Chicago wakishirikiana na Jewish Theological Seminary, chuo cha New York kinachofundisha marabi wa madhehebu ya Conservative. Madhehebu hayo yako katikati: yanashika sheria za kidini kuliko wenzao wa Reform, lakini si kwa ukali wa Waorthodoksi. Ilikuwa kambi ya kwanza ya mtandao wa kambi za Ramah. Nyingine zilifuata Pennsylvania mwaka 1950, California 1956, Kanada 1960, na kwingineko baadaye. Watoto hulala hapo kwa wiki nyingi mfululizo, wengine kiangazi karibu chote, mbali na wazazi, wakiogelea, wakicheza mpira, wakisoma Kiebrania na kugombania vitanda vya juu.

Karibu kila kambi ya watoto duniani ina jambo lake la wiki: moto wa Jumamosi, usiku wa maigizo, Jumapili ya kuandika barua nyumbani. Mengi ya hayo ni pambo. Ukiyaondoa, wiki inabaki vilevile. Sabato ya kambi hii haiko hivyo, na ndiyo sababu inafaa kuchambuliwa. Hapa siku moja imeikunja wiki nzima kuielekea, na namna ilivyofanya hivyo haionekani kwa mtu anayetazama picha za watoto waliovaa mavazi meupe.

Kwanza, kwa nini kambi? Miaka ile ya mwisho wa 1940 familia nyingi za Kiyahudi za Marekani zilikuwa zinahamia vitongoji vya nje ya miji. Nyumba zilikuwa mbali na sinagogi, na Jumamosi ilikuwa siku ya biashara kama nyingine. Sheria inakataza kuendesha gari siku ya Sabato. Mwaka 1950 kamati ya sheria ya Conservative ilifikia uamuzi ambao bado unabishaniwa hadi leo: anayeishi mbali anaweza kuendesha gari kwenda sinagogi, ili asikose ibada kabisa. Ulikuwa ukweli mchungu kuhusu maisha ya watu wazima. Wakati huohuo madhehebu hayohayo yalikuwa yanajenga mahali msituni ambapo hakuna anayehitaji gari. Kitanda, bwalo, mahali pa sala na ziwa vyote viko hatua chache za miguu. Kwa maneno mengine, watoto waliwekewa siku ambayo wazazi wao walikuwa wameshindwa kuishika mjini. Sidhani waanzilishi walijificha kuhusu hilo. Kambi ilikuwa shule, na somo lake kubwa lilikuwa siku ya saba.

Sasa Ijumaa yenyewe. Asubuhi yake haina utakatifu wowote. Ni siku ya maandalio, kama Waadventista wa kwetu wanavyoiita, na harufu yake ni ya sabuni. Mabanda yanapigwa deki, mashuka yanakung'utwa, taulo zilizolowa tangu Jumanne zinaanuliwa kutoka kwenye reli za mabanda, soksi zisizo na mwenyewe zinatafutiwa mwenyewe. Siku nyingine usafi huwa wa kulipua. Ijumaa unachukua muda mrefu, na walezi hawakubali shuka lililofichwa chini ya kitanda. Mchana ratiba inakatwa mapema. Halafu foleni ya kuoga, yenye makelele yote ya foleni ya kuoga, na kila mtu anatoka akiwa na nywele zilizolowa na shati jeupe au gauni jeupe. Mavazi hayo hayadumu. Nyasi na mchuzi vina njia yake.

Ninalisisitiza hili la usafi kwa sababu watu wanaoiga desturi za namna hii huanza na mavazi na nyimbo. Wanaukosa msingi. Mtoto aliyesugua sakafu saa nane mchana anaijua jioni kwa mikono yake kabla hajaijua kwa masikio. Hajaletewa sherehe. Ameitengeneza, hata kama aliitengeneza kwa kunung'unika. Tena kazi ile ina mwisho unaojulikana: kuna saa ambayo, iwe sakafu imekauka au haijakauka, fagio linawekwa chini. Nyumbani kazi huisha pale mama anapochoka. Kule inaisha kwa sababu jua limeamua.

Katika kambi za Kiyahudi za Marekani ni kawaida watu wote kutembea kwa makundi hadi mahali pa wazi pa sala, mara nyingi mbele ya maji. Wanaimba zaburi, kisha utenzi wa karne ya 16 uliotungwa mjini Safed, unaoikaribisha Sabato kama bibi harusi. Wakifika beti la mwisho wote hugeuka na kuinama kidogo, kama kwamba mgeni ameingia kutoka nyuma yao. Hata mtoto ambaye hajui Kiebrania anajua wakati wa kugeuka, na furaha ya kugeuka pamoja na mamia ya watu haihitaji mafafanuzi.

Baadaye ni chakula. Mkate wa kusukwa, juisi ya zabibu, na kuku kwa kawaida. Katikati ya kiangazi kuku huyo hupata uzito zaidi, kwa sababu siku tisa kabla ya mfungo wa tarehe tisa mwezi wa Av wa kalenda ya Kiyahudi, unaoangukia Julai au Agosti, wanaoshika desturi hawali nyama isipokuwa siku ya Sabato. Basi wiki hiyo nzima ni pasta na jibini na samaki, na Ijumaa jioni watoto wanakula kama waliotoka safari.

Na kisha kuimba. Hapa kuna jambo dogo la sheria lililozaa jambo kubwa la muziki. Katika kambi za Ramah ala za muziki hazipigwi wakati wa Sabato. Hakuna gitaa wala spika. Kinachobaki ni koo, viganja na meza za bwalo. Meza hizo hupigwa hasa. Kilichokatazwa kimewafanya watoto wote wawe bendi, kwa kuwa hakuna mtu mmoja mwenye chombo ambaye wengine watamtazama. Kambi za Reform zilichukua njia nyingine. Ile ya Oconomowoc, iliyoanza mwaka 1952 kusini mwa jimbo hilohilo, iliruhusu gitaa, na kutoka katika kambi za upande huo akatokea Debbie Friedman, aliyezaliwa 1951 na kufariki 2011, mwimbishaji ambaye nyimbo zake za sala zilitoka kambini zikaingia katika masinagogi ya Marekani nzima. Siwezi kusema njia ya kwanza ni bora. Gitaa limetoa tungo ambazo meza zisingetoa. Ila kwa mtoto mwenye sauti mbaya, nadhani meza ni rafiki zaidi.

Jumamosi nitaipita haraka kwa sababu thamani yake iko katika vitu visivyotokea. Watoto hulala zaidi kidogo. Kuna sala na usomaji wa Torati, mara nyingi ukisomwa na watoto wenyewe waliofanya mazoezi wiki nzima. Kuna saa ndefu za mchana ambazo hakuna filimbi. Hakuna anayeandika, basi hakuna anayehesabu pointi. Mashindano ya vibanda yaliyokuwa moto Alhamisi yanalala. Picha hazipigwi, kwa hiyo mzazi wa Chicago anayefuatilia kiangazi cha mwanawe kwa simu anakutana na pengo, na pengo hilo linamfundisha na yeye. Walezi, ambao wengi wana umri wa miaka kumi na minane au ishirini hivi, hawachukui siku yao ya mapumziko Jumamosi. Wanachukua katikati ya wiki. Matokeo yake ni kwamba siku yenye shughuli chache ndiyo yenye watu wazima wengi. Kambi nyingi nilizozisoma zinafanya kinyume: siku ya kupumzika ni siku ya walezi kwenda mjini, na watoto wanabaki na wachache waliochoka.

Usalama haupumziki, na hili halina mjadala: kuokoa uhai huvunja Sabato. Zahanati ya kambi hufanya kazi na gari lipo. Mtoto akivunjika mkono saa tisa mchana hasubiri nyota.

Turudi kwenye nyota. Kuifungua Sabato mapema si shida. Sheria ya Kiyahudi inaruhusu kuipokea zaidi ya saa moja kabla ya jua kuzama, kwa hiyo wadogo wanaweza kusali, kula na kuimba kukiwa bado mchana, na wakaenda kulala. Kuifunga mapema ndiko kugumu. Ibada ya kufunga hufanywa giza likiingia: mshumaa mmoja wa kusukwa wenye tambi nyingi, kikombe cha divai au juisi, na kisanduku cha viungo vinavyonuka vizuri, karafuu na mdalasini vikiwemo mara nyingi. (Mtu wa Pemba angecheka kuona karafuu zake zimefika hadi huko kuiaga siku.) Moshi, harufu na moto katika duara kubwa la watu waliokumbatiana mabegani. Waliopita kambini wakihojiwa miaka mingi baadaye, hili ndilo hutajwa mara kwa mara.

Lakini saa nne usiku! Mwendesha kambi ana njia tatu, na zote zina gharama. Awaweke wadogo macho, na Jumapili awe na banda la watoto wanaolia kwa vitu vidogo. Awaache walale, na wakose kilele cha wiki katika umri ambao mambo huingia moyoni kwa urahisi. Au awafanyie ibada yao fupi Jumapili asubuhi, jambo ambalo sheria inaruhusu bila moto na viungo, na hapo kilichobaki ni kikombe cha juisi. Maoni yangu: waache wakeshe angalau mara moja. Watoto huthamini kilichowagharimu usingizi, na kukesha kwenyewe ni cheo. Katika wiki nyingine wawaache walale wala wasijilaumu. Wayahudi wa Abayudaya wa karibu na Mbale, Uganda, jamii iliyoanza chini ya Semei Kakungulu mwaka 1919, hawana tatizo hili. Kwao magharibi husogea kwa kama nusu saa tu katika mwaka mzima, na mtoto wao huona mwanzo na mwisho wa Sabato kila wiki bila kukesha. Kumbe desturi iliyozaliwa karibu na Mediterania inabebeka hadi ikweta kwa wepesi kuliko hadi Wisconsin.

Kuna swali ambalo waandishi wa habari hizi hulipita kimya: nani yuko jikoni? Chakula cha Jumamosi hupikwa kabla ya jua kuzama na kuhifadhiwa kikiwa moto, sawa. Lakini mamia ya watu hawali bila mtu kubeba, kupakua na kufuta. Kambi za Marekani kwa jumla huajiri maelfu ya vijana wa nje kila kiangazi kwa viza ya J-1, ile ya muda ya wageni wa programu za kubadilishana, wakiwemo wa jikoni na wa usafi, na wengi wa wanaofanya kazi hizo katika kambi za Kiyahudi si Wayahudi. Sheria yenyewe ina mipaka kuhusu kumtuma asiye Myahudi akufanyie lililo haramu kwako, hivyo si kwamba jambo limesahauliwa. Hata hivyo mimi ningepima pumziko la kambi yoyote kwa ratiba ya zamu za jikoni kabla ya kupima uzuri wa nyimbo. Je, mwosha vyombo naye ana siku yake kamili, inayojulikana, isiyoguswa? Akiwa nayo, hata ikiwa Jumatatu, watoto wamefundishwa jambo la kweli kuhusu pumziko. Akiwa hana, wamefundishwa jambo jingine, na watoto ni wepesi kuona nani anabeba sinia.

Mwaka 2020 ulileta jaribio ambalo hakuna aliyelitaka. Uviko-19 ulifunga kambi za kulala za mtandao wa Ramah kiangazi hicho, kama zilivyofungwa kambi nyingi nyingine, na shughuli zikahamia mtandaoni. Ukitazama kilichowezekana, unaona mfupa wa desturi. Ijumaa kabla ya jua kuzama, watoto waliweza kukusanyika mbele ya skrini na kuimbiwa. Jumamosi usiku, baada ya giza, waliweza kuwasha mshumaa kila mtu kwao na kutazamana. Siku yenyewe, kwa wanaoshika sheria, skrini ilizimwa. Maana yake ni kwamba kambi ya mtandaoni iliweza kutoa mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, lakini nyumba haikuwepo. Hata nyimbo zilipungukiwa: sauti hucheleweshwa kidogo mtandaoni, watu hawawezi kuimba pamoja kwa mapigo mamoja, kwa hiyo mmoja anaimba na wengine wanazimiwa vipaza sauti. Ule utaratibu wa meza, ambapo kila mtoto ni bendi, uligeuka kuwa tamasha la mtu mmoja.

Na bado swali gumu zaidi halihusu janga. Kila mwaka, mwishoni mwa kiangazi, watoto hurudi nyumbani. Sabato ya kambini imetengenezwa kwa vitu ambavyo nyumbani havipo: mamia ya wenzao wa rika moja, msitu usio na duka, bwalo ambalo mtu mwingine amelipika, na watu wazima walioajiriwa kuwa hapo. Ijumaa ya kwanza mjini, kijana wa miaka kumi na mitatu anakuta baba yuko kazini, dada yuko kwenye simu, na kuku hayupo. Anaweza kuona kwamba alichokipenda hakikuwa Sabato bali kambi.

Waendeshaji wana jibu la takwimu. Mwaka 2011 shirika la Foundation for Jewish Camp lilitoa utafiti uliochanganua tafiti za jamii za Kiyahudi za Marekani, na matokeo yake yakawa kwamba watu wazima waliowahi kulala kambini wana uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 37, wa kuwasha mishumaa ya Sabato kwa kawaida kuliko wenzao wenye malezi yanayofanana. Watafiti walijitahidi kuondoa athari ya malezi ya nyumbani, maana mzazi anayempeleka mtoto Ramah tayari ana lake moyoni. Naikubali namba hiyo kwa tahadhari. Shirika lililoitoa ndilo linalotafutia kambi fedha, na hakuna hesabu inayoweza kupima kikamilifu hamu ya mzazi. Ila nadhani inasema jambo jingine pia, pengine muhimu zaidi. Kinachopimwa ni mishumaa, si siku nzima. Mtu mzima amechukua kipande kinachoingia mezani kwake na kuacha mengine ziwani.

Hilo halinisikitishi. Wanaoandaa makambi ya Waadventista huko Musoma au Kisii, wanaoendesha kambi za likizo za madrasa au za vijana wa parokia, wanalijua tatizo hili bila takwimu: wiki ya moto, kisha ukimya. Kisa cha Wisconsin kinaonyesha kwamba kinachorudi nyumbani ni kile ambacho mtoto alikifanya kwa mkono wake, kikawa na saa yake, na kikawa kidogo kiasi cha kuingia katika nyumba ya vyumba viwili. Mkate anaweza kuusuka mtoto. Sakafu anaweza kuisugua kabla ya magharibi. Duara la watu mia tatu hawezi kulibeba. Kwa hiyo mwandaaji anayepanga Jumamosi yake ya mwisho angefaa kutumia muda mchache zaidi kwenye jukwaa, na mwingi zaidi kumkabidhi kila mtoto kitu kimoja cha kufanya Ijumaa ijayo, nyumbani, hata kama atakifanya peke yake mbele ya ndugu wanaomcheka.

Katika kambi ya Conover, Jumapili ni siku ya kazi. Filimbi zinarudi, pointi zinahesabiwa upya, na taulo za mtu fulani zimeshaanza tena kuning'inia kwenye reli za mabanda.